Ng'ombe Niliyemkataa Igawa

Vijana wangu mnaoingia kazi ya ukaguzi wa nyama, nawaona mkipita na glovu zenu, gambuti zenu, na simu mfukoni ya kupigia picha ini lenye mashaka ili mkubwa wenu aliyeko wilayani alione palepale. Msidhani naona wivu. Nafurahi. Sisi tulikuwa na kisu, jiwe la kunolea, chupa ya wino wa zambarau na macho tuliyopewa na Mungu. Mkubwa wetu alikuwa mbali, na barua ya kwenda kwake ilisafiri kama konokono.

Naitwa Zakayo, na kimo changu kinafanana na jina langu. Kwenye machinjio ya Iringa mjini, nilikojifunzia kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, walinitafutia kreti la soda la kusimamia ili nifikie tezi za juu za ng'ombe aliyetundikwa. Aliyeniletea kreti hilo alikuwa Mzee Filipo, mwalimu wangu, Mhehe mwenzangu, mtu mrefu mwenye kukohoa kabla ya kusema jambo zito.

Siku ya kwanza aliyoniachia moyo wa ng'ombe niukague peke yangu, niliukata kwa bidii kubwa. Nilitaka tegu asipate pa kujificha. Mzee Filipo akaja, akatazama mezani, akauliza, "Zakayo, umekagua au umetengeneza kachumbari?" Mwenye ng'ombe alilalamika hadi jua likawa kali. Ndipo nikafundishwa: moyo unaupasua mara moja ukafunguka kama kitabu, ulimi unaushika kwa kitambaa usikuteleze, shavu unalikata sambamba na taya, na ini, kabla hujalikata, liguse kwanza. Vidole huona mambo ambayo macho yamepita. Nanyi wenye glovu, vueni moja mara mojamoja kwa mnyama aliye salama, vidole vijifunze.

Jambo jingine alilonifundisha lilikuwa kuhusu ini la zawadi. Kila mwenye bucha duniani humpenda mkaguzi, na mapenzi yake hufungwa kwenye gazeti, nusu kilo, asubuhi na mapema. Mzee Filipo alikuwa akilirudisha kwa tabasamu. "Ukila ini la mtu asubuhi," alisema, "mchana macho yako yana mafuta, huoni tegu." Hakuwa mhubiri. Kanisani alikaa benchi la nyuma na mara nyingine alisinzia. Lakini siku aliyonikabidhi muhuri wangu alikohoa kwanza, kisha akasema: "Mlaji haonani na wewe. Anaonana na muhuri. Ukiugonga, umemwapia mtu usiyemjua, na Mungu amesikia."

Nilidhani nimeelewa. Nilikuja kuelewa nilipofika Igawa.

Igawa ya wakati ule ilikuwa vibanda vilivyojipanga kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakisimama, madereva wakitaka nyama ya kuchoma na chai ya rangi. Upande mmoja tambarare za Usangu zilikwenda mpaka macho yakachoka, na huko walikuwa wameanza kuhamia Wasukuma na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Nilipelekwa huko na mke wangu Tumsifu, tukiwa wapya katika ndoa. Watu waliniita Bwana Nyama. Tumsifu wakamwita Mama Nyama, jina ambalo halipendi mpaka leo.

Aliyetupokea alikuwa Mzee Asegelile, Mnyakyusa, mwenye bucha kubwa kuliko zote pale na mzee wa kanisa letu. Nataka mjue alivyokuwa mwema, kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kuwafanya mumchukie bure. Alitupa vyumba viwili nyuma ya nyumba yake bila kutudai kodi. Mshahara wangu ulipochelewa, mkewe alituletea ndizi na maharage kana kwamba tumezaliwa kwake. Kwa hiyo kila siku nilikagua nyama ya mtu ambaye nilikuwa nalala chini ya paa lake. Hapo peke yake pana mtihani, vijana. Lakini kwa muda mrefu ng'ombe wake walikuwa safi, nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwenye nyumba mwaminifu.

Kanisa letu lilikuwa la nyasi, na masika mvua ilihubiri pamoja na mwinjilisti. Basi waumini wakaanza kuchangia mabati. Vitu vilikuwa adimu miaka ile. Bati lilitafutwa kama dhahabu ya Makongolosi. Mwenye mahindi alitoa mahindi, mwenye kuku alitoa kuku. Bibi Sekela, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua kwa madereva, alitoa kuku wake wote akabaki na jogoo, akisema jogoo atamwamsha kwenda kuona paa jipya. Mabati yakapatikana, yakapigwa. Ikabaki sherehe. Mzee Asegelile akachaguliwa kutafuta ng'ombe, akamnunua dume zuri jeusi kwa Mzee Masunga, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa amehamia karibu na mto.

Asubuhi ya sherehe niliamka nikanoa kisu kama kawaida, nikaenda machinjioni. Nikakuta wamekwisha kumpasua.

Kanuni ni kwamba mkaguzi amwone mnyama akiwa hai kwanza. Nikauliza kulikoni. Lugano, mpwa wa Mzee Asegelile na mchinjaji wake, akasema bila kunitazama, "Tulimkuta amelala, Bwana Nyama. Anahema vibaya. Mjomba akasema tumuwahi kwa kisu kabla hajafa."

Nikatazama chini. Damu ilikuwa nyeusi, nyepesi, imetandaa bila kuganda. Mnajua damu ya ng'ombe. Ukigeuka kidogo tu imekuwa kama uji uliopoa. Ile ilikuwa bado inatiririka. Nikaangalia tumboni, nikaiona bandama imevimba, laini, nyeusi kama lami iliyopigwa jua. Sikuigusa. Nikawaambia wote warudi nyuma.

Kilikuwa kimeta. Wengi wenu mmekisoma tu. Kimeta humuua ng'ombe ghafla, na huua mtu anayemla au anayemshika akiwa na mchubuko. Nikamwona Lugano ana mkwaruzo kidoleni. "Kisu kiliniteleza," akasema.

"Nenda zahanati sasa hivi," nikamwambia. "Waambie umeshika ng'ombe wa kimeta."

Mzee Asegelile alikuwa amefika, amevaa suti yake ya ibada, viatu vimeng'arishwa. Akamwambia Lugano, "Simama hapohapo." Kisha akanivuta pembeni. "Zakayo mwanangu, watu wote wako kanisani. Wageni wametoka Uyole, wametoka Chimala. Masufuria yako motoni. Unasema nini?"

"Huyu haliwi, mzee. Wala hachunwi. Ni wa kuzikwa na ngozi yake."

"Gonga mapaja tu. Hayo mengine tutupe."

"Hakuna paja zima kwa ng'ombe huyu."

"Moto unaua kila kitu. Tutachemsha mpaka jioni."

"Mzee, siwezi."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi zaidi kama angefoka. Alisema polepole, "Nimekupa nyumba. Mke wako ana mimba. Leo unanivua nguo mbele ya kanisa?"

Sitaki mdhani nilisimama pale kama nabii. Nilimwaza Tumsifu, nikawaza mvua zilizokaribia, nikawaza Bibi Sekela na kuku wake. Niliomba, na sala yenyewe haikuwa nzuri. Nilisema moyoni, "Bwana, si ungengoja wiki ijayo nikiwa likizo?" Lakini hata nilipokuwa nalalamika, mkono wangu haukwenda kwenye mfuko wenye muhuri. Kwa hilo namshukuru Mungu na Mzee Filipo, kwa maana siku ile akili yangu haikunisaidia. Nilisaidiwa na mazoea. Muhuri ambao hujawahi kuugonga kwa uongo siku ndogo, siku kubwa unakuwa mzito kuunyanyua.

Mwinjilisti Yohana, kijana mpole, aliletwa anishawishi. "Zakayo, ndugu yangu," akasema, "tumekwisha kukiombea chakula hiki."

"Basi, mwinjilisti, sasa tuombee shimo," nikamjibu. "Liwe refu."

Akanitazama, akamtazama ng'ombe. Kisha akavua koti lake la ibada, akachukua jembe. Sitamsahau kwa hilo. Tulichimba mimi na yeye, tukamwaga chokaa na mafuta ya taa, tukachoma hata udongo uliokunywa damu, watu wakitutazama kwa mbali na nguo zao za sikukuu. Walikula wali na maharage tu. Nyimbo ziliimbwa, lakini mnajua wimbo unavyosikika tumbo likiwa limeudhika.

Nilichukua tone la damu kwenye kioo, nikalituma Mbeya lipimwe. Kioo kilivunjika njiani kwenye basi. Kwa hiyo sikuwa na ushahidi wowote. Na hapa ndipo pagumu pa kazi yetu, mjue tangu sasa: ukiifanya sawasawa, hakuna kinachotokea. Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyekufa, basi watu wanasema, "Mnaona? Ng'ombe alikuwa mzima. Yule Mhehe alitaka kujionyesha tu." Daktari hushukuriwa na aliyepona. Mkaguzi hashukuriwi na asiyeugua.

Walisema mengi. Kwamba niliomba ini nikanyimwa, nikakasirika. Kwamba nataka bucha ya mtu mwingine istawi. Kanisani benchi letu likawa na nafasi nyingi, tungeweza kulala. Bibi Sekela aliacha kunisalimu. Alipita akiimba, akigeuza uso. Na baada ya siku chache Mzee Asegelile alituma mtu kutuambia kwamba anavihitaji vyumba vyake.

Tulitoa vitu vyetu nje mvua za kwanza zikianza. Tumsifu, na tumbo lake, alikalia sanduku la bati akanitazama. Niliogopa atasema nini. Akasema, "Zakayo, ungegonga, leo ningekuwa ninakaa ndani, na nisingeweza kukutazama." Kisha akalia kidogo, maana ilikuwa mvua, na alikuwa amechoka. Nami nililia. Imani haizuii machozi, vijana; asiwadanganye mtu.

Aliyetujia alikuwa Mzee Masunga.

Nilipomwona anakuja na fimbo yake nilijua tumekwisha. Ng'ombe alitoka kwake, na mimi ndiye niliyeandika kwa wakubwa kwamba mifugo yake izuiwe isiuzwe wala isihamishwe mpaka ichanjwe. Mfugaji kuzuiwa kuuza ni kama kufungwa kamba shingoni. Alitusalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu nilipokuwa mtoto.

"Bwana Nyama. Ile ng'ombe yangu ilikuwa na nini? Wewe sema kweli. Wengine wanasema hakuna kitu."

"Kimeta, mzee. Na kipo ardhini kule alikokuwa analishwa. Wengine watakufa wasipochanjwa."

Akapiga chini kwa fimbo. "Jana zimekufa mbili," akasema. "Ghafla. Sikumwambia mtu. Nilitaka nichune."

"Usichune! Zizike leo. Nitakuja nikusaidie."

Akatazama vitu vyetu mvuani, sanduku, sufuria, mwanamke mjamzito. "Kwanza nyie mje," akasema. "Mvua haingoji."

Tulikaa kwake katika kibanda alichokuwa akihifadhi mpunga. Wake zake walimlisha Tumsifu michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vilivyochemshwa pamoja na karanga, mpaka mashavu yakarudi. Mzee Masunga hakuwa Mkristo na hakuniuliza habari za dini. Kila asubuhi tukisali, yeye alinyamazisha mbwa. Wachanjaji walipofika kutoka Mbeya, tulishika ng'ombe mmoja mmoja kwa siku kadhaa, mimi nikining'inia kwenye pembe kama nguo kwenye kamba, watoto wake wakicheka. Hakufa tena hata mmoja.

Siku moja Tumsifu akiwa mtoni alifuatwa na mke wa Lugano. Alikuwa akilia. Lugano hakuwahi kwenda zahanati. Mjomba wake alimwambia akienda, atakuwa amethibitisha maneno yangu. Kidole kilipona, lakini kwenye mkono kilitoka kipele, kikawa kidonda chenye kitovu cheusi, hakiumi, ila mkono umevimba mpaka begani na homa haimwachi.

Niliiacha hapohapo kazi niliyokuwa nikiifanya, nikaenda moja kwa moja hadi nyumba ile tuliyofukuzwa. Mzee Asegelile alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kucheka?" akauliza.

"Nimekuja kumchukua Lugano."

"Nitasema nini kwa watu?"

"Sijui, mzee. Kwanza awe hai, halafu tutafute la kusema."

Alibaki amesimama. Kisha akasogea pembeni, akaniachia mlango, na yeye mwenyewe akaingia kumshika Lugano kwapani upande wa pili. Tukasimamisha lori lililokuwa linatoka Dar es Salaam. Dereva alipoona ule mkono hakuuliza nauli. Tulikwenda nyuma, juu ya magunia, baridi ya Uyole ikitukata, kichwa cha Lugano kikiwa kwenye mapaja ya mjomba wake. Mzee aliomba kwa Kinyakyusa njia nzima. Sikuelewa maneno mengi, lakini kilio ni lugha ya wote.

Hospitali ya Mbeya walimchoma sindano, wakatuambia tumemwahi. Homa ilipoanza kushuka, tulirudi Igawa mimi na mzee kwa lori jingine. Kabla ya kufika Chimala akasema, akitazama barabara:

"Damu niliiona, Zakayo. Kabla hujafika. Nimechinja tangu ujana wangu, nitaachaje kuijua damu? Nilijua unasema kweli tangu ulipofungua mdomo. Ndicho kilichoniudhi."

Nilimshika mkono tu. Akaongeza, "Ndaga fijo," yaani asante sana, kwa sauti ambayo upepo ulikaribia kuichukua.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, bila suti, akayasema hayohayo mbele ya watu wote. Hakujitetea wala hakurefusha. Alipokaa, ungeweza kusikia mabati mapya yakitanuka kwa jua. Mwinjilisti alikuwa bado anatafuta neno la kufaa, Bibi Sekela akainuka.

"Mimi nimesikia," akasema. "Nimesamehe. Na wewe Zakayo unisamehe, nilikununia. Lakini mimi nilitoa kuku. Ng'ombe yuko wapi?"

Kanisa zima lilipasuka kwa kicheko. Hata Mzee Asegelile alicheka huku anafuta macho.

Ng'ombe alipatikana. Mzee Asegelile alingoja mpaka zuio lilipoondolewa, kisha akatembea kwa miguu yake mpaka kwa Mzee Masunga, akamnunua dume jingine kutoka zizi lilelile, kwa makusudi, watu waone. Safari hii nilimkagua akiwa hai, nikamkagua amechinjwa, waumini wote wamenizunguka wakipumulia shingoni kwangu. Niligusa ini, nikapasua moyo, nikashika ulimi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amezaliwa, yuko mgongoni kwa mama yake, na ndiye pekee aliyekuwa akipiga kelele. Nilipougonga muhuri walishangilia kuliko walivyoshangilia paa. Lugano, mkono wake una kovu kubwa, ndiye aliyekata vipande.

Mzee Masunga alialikwa. Hakutaka kuingia ndani, akakaa kwenye gogo nje, nami nikakaa naye na sinia letu. Tulikula kama watu wenye njaa wanavyokula. Kisha akaniuliza:

"Huyu Mungu wenu. Ndiye aliyekukataza kupiga ule muhuri?"

"Ndiye, mzee."

Akatafuna, akafikiri. Mbali kidogo ng'ombe wake walikuwa wakinywa maji mtoni.

"Basi mkiongea naye," akasema, "mwambieni Masunga anashukuru."

Nimemwambia, vijana wangu. Bado namwambia.